Daktari Sydney Ringer na Moyo Uliotaka Chokaa

Watu wengi wamewahi kuliona jina la Ringer bila kujua kuwa ni jina la mtu. Limeandikwa juu ya mifuko ya maji yanayotundikwa kando ya vitanda vya hospitali, yale maji ambayo mgonjwa wa kipindupindu aliyekauka mwili hutiwa mshipani upesi ili asife. Wengine hudhani ni jina la kiwanda, wengine hudhani ni jina la dawa. Sydney Ringer alikuwa tabibu wa London, aliyefariki mwaka wa 1910, na maji hayo yaliitwa kwa jina lake kwa ajili ya jambo alilolivumbua katika moyo wa chura. Nimeona inafaa habari zake ziandikwe katika gazeti letu, maana katika vitabu vya bayolojia hutajwa kwa mstari mmoja tu, na mara nyingi hatajwi kabisa.

Alizaliwa katika miaka ya 1830 mjini Norwich, mashariki ya Uingereza. Baba yake alikuwa mfanya biashara, akafariki watoto wake wakingali wadogo. Mmoja wa ndugu zake, Frederick, alisafiri mpaka Uchina, kisha akahamia Nagasaki katika nchi ya Japani, na huko mwaka wa 1868 akaanzisha kampuni ya biashara pamoja na mwenziwe. Frederick naye hakusahauliwa: hata leo huko Japani kuna mikahawa ya tambi inayoitwa kwa jina lake. Basi jina la ukoo mmoja limekaa hospitalini na limekaa hotelini, jambo ambalo nadhani wenyewe wasingaliliwaza.

Watu wa nyumba yao walikuwa Wakristo wasiofuata Kanisa la dola. Siku zile vyuo vikubwa vya Oxford na Cambridge vilikuwa na desturi ya kutaka wanafunzi wao wawe watu wa Kanisa hilo, na sharti hilo lilikuwa ndiyo kwanza linaanza kulegezwa. Chuo cha University College, London, kilikuwa kimeanzishwa mwaka wa 1826 ili kumpokea mtu ye yote bila ya kumwuliza dini yake. Huko ndiko Sydney alikokwenda mwaka wa 1854, baada ya kujifunza kwanza kazi ya uganga chini ya daktari wa kwao Norwich. Akashinda mtihani wake wa udaktari mwaka wa 1860. Tangu hapo hakuondoka tena. Maisha yake yote ya kazi yalipita katika chuo hicho na hospitali yake, mwendo wa miaka 40.

Mwaka wa 1863 akawa tabibu msaidizi, na mwaka wa 1866 akawa tabibu kamili. Mwaka wa 1865 alitoa kitabu juu ya joto la mwili katika ugonjwa wa kifua kikuu, wakati ambapo kipimajoto kilikuwa bado ni kitu kigeni mikononi mwa matabibu wengi. Mwaka wa 1869 akatoa kitabu kikubwa cha kueleza dawa na namna ya kuzitumia, nacho kilipendwa mno, hata kikapigwa chapa mara 13 katika uhai wake. Kama angalikoma hapo, angalikuwa daktari mwenye sifa njema kwa watu wa zama zake, na leo jina lake lingalikuwa katika rafu za nyuma za maktaba.

Lakini Ringer alikuwa na kiu nyingine. Dawa alizozifundisha zilikuwa zikitumika kwa mazoea: huyu amempa mgonjwa kitu fulani akapona, basi na yule ampe. Yeye alitaka kujua dawa ikiingia mwilini inafanya nini hasa. Kwa hiyo akajigawa mara mbili. Alijulikana sana kwa kushika saa. Aliwatazama wagonjwa wake wodini, kisha akaingia katika chumba cha majaribio cha chuo, kisha akawaendea wagonjwa wa majumbani, kisha akarudi tena kwenye majaribio yake. Wala hakuwa mtu wa kulipwa kwa kazi hiyo ya pili. Mshahara na heshima vilitoka kwa wagonjwa. Kwa vyura hakupata kitu ila majibu.

Yafaa nieleze kwa nini vyura. Moyo wa mnyama mwenye damu ya moto hufa upesi ukitolewa kifuani, lakini moyo wa chura, ukifungwa kwenye kijibomba na kupitishiwa maji yanayofaa, waweza kuendelea kupiga kwa saa nyingi mezani. Ringer alikifunga chumba cha chini cha moyo kwenye chombo kilichounganishwa na kijiti, na kijiti kikachora kila pigo juu ya karatasi iliyopakwa masizi na kuzungushwa taratibu. Pigo likiwa na nguvu, mstari hupanda juu. Moyo ukidhoofika, mstari hushuka. Ukifa, mstari hulala. Kwa njia hii aliweza kuyabadilisha maji na kuona mara moja moyo unasemaje.

Swali lake lilikuwa rahisi. Damu ina vitu vingi: chumvi ya kawaida, potasiamu, chokaa, protini na vinginevyo. Katika hivi vyote, ni kipi kinachouendesha moyo? Mwaka wa 1882 akatoa makala katika jarida la wanafiziolojia la Uingereza, akaeleza jinsi moyo wa chura ulivyokaa muda mrefu ukipiga katika maji aliyoamini kuwa hayana kitu ila maji safi na chumvi alizozipima mwenyewe.

Kisha mambo yakavurugika. Jaribio lile lile, moyo wa chura vile vile, chumvi ya kipimo kile kile, lakini moyo haukufanya kama ulivyofanya kwanza. Ulidhoofika upesi, ukasimama.

Kila aliyewahi kukaa katika chumba cha sayansi, hata cha shule, anakijua kishawishi kinachokuja wakati kama huo. Mtu huweza kusema kwamba chura huyu alikuwa mgonjwa, au chombo kilivuja, akaitupa karatasi ya leo na kuweka ya jana. Na Ringer alikuwa na sababu zaidi ya kufanya hivyo kuliko sisi, kwa kuwa makala yake ilikwisha kupigwa chapa na kusomwa na wakubwa wa elimu hiyo. Yeye akaanza kufuatia maji yalikotoka.

Kulikuwa na msaidizi katika chumba kile, jina lake Fielder, ambaye kazi yake mojawapo ilikuwa kutengeneza maji ya chumvi. Maji hayo yalipaswa kufanywa kwa maji yaliyokenekwa, yaani maji yaliyochemshwa hata yakawa mvuke, kisha mvuke ukapozwa ukarudi kuwa maji matupu. Ni kazi ya kuchosha na ya polepole. Miaka mingi baadaye Fielder, akiwa mzee, alimsimulia mwanasayansi Henry Dale kwamba yeye hakuona maana ya kupoteza muda wote ule kukeneka maji kwa ajili ya Daktari Ringer. Aliona kuwa daktari hatatambua tofauti yo yote ikiwa chumvi itakorogwa katika maji ya mfereji. Basi alifungua mfereji, akajaza chupa.

Na maji ya mfereji ule hayakuwa maji matupu. Yaliletwa na kampuni ya New River, na jina hilo la Mto Mpya ni la mfereji wa kuchimbwa uliofunguliwa mwaka wa 1613 ili kuwaletea watu wa London maji kutoka chemchemi za wilaya ya Hertfordshire. Ardhi ya huko ni ya mawe meupe ya chaki, nayo chaki ni chokaa. Maji yakipita katikati ya mawe ya namna hiyo huyayeyusha kidogo kidogo na kuyachukua. Sisi wa pwani tunayajua maji ya hivyo. Ndiyo yale yanayotia ukoko mweupe ndani ya birika, na sabuni haitoi povu upesi, kwa sababu visima vyetu vimechimbwa katika mawe ya matumbawe. Ringer alipotazama hesabu ya vitu vilivyomo katika maji ya New River, aliona kalsiamu, ambayo ndiyo madini iliyomo ndani ya chokaa, ikiwa ni kama sehemu 38 katika sehemu milioni. Ni kidogo mno. Ukiionja huwezi kuitambua.

Sasa akafanya jambo lililompa jina. Alikeneka maji kweli kweli, akatia chumvi, akayapitisha katika moyo. Moyo ukapiga kwa muda, mapigo yakapungua, ukasimama. Akatia chumvi ya chokaa kidogo. Mstari uliokuwa umelala ukaanza kupanda tena, na moyo ule uliodhaniwa umekufa ukapiga.

Hakuishia hapo. Alipotia chokaa bila potasiamu, aliona moyo unakaza lakini unachelewa kulegea, kama mkono uliokunja ngumi ukakataa kuifungua. Alipotia potasiamu kwa kadiri, kukaza na kulegea vikarudi katika mpango. Alipozidisha potasiamu, moyo ulilegea ukashindwa kupiga. Basi akaona kwamba chokaa na potasiamu huvutana, na uhai wa moyo uko katikati yao. Yote hayo aliyaandika katika makala mpya mwaka wa 1883, jarida lile lile. Na mwanzoni kabisa mwa makala hiyo, kabla ya kutaja uvumbuzi wo wote, aliwaambia wasomaji wake waziwazi kwamba maji aliyoyatumia mwaka uliopita yalikuwa ya mfereji na ya kampuni fulani, na kwamba matokeo ya kwanza yalitokana na vitu vilivyokuwamo ndani ya maji hayo. Hakumtaja Fielder wala hakumlaumu mtu. Katika yote aliyoyaandika, mimi hupenda sehemu hiyo kuliko zote.

Katika miaka iliyofuata aliendelea na kazi hiyo hiyo kwa kila kiumbe alichoweza kukipata. Aliwatia samaki wadogo katika maji yaliyokenekwa wakafa baada ya saa chache, na wenzao katika maji ya mfereji wakaendelea kuishi. Akatia chokaa katika maji yale matupu, na samaki wakadumu zaidi. Alijaribu pia misuli ya mguu wa chura. Hapo akapata fumbo. Moyo ukinyimwa kalsiamu husimama, lakini msuli wa mguu, ukiguswa kwa umeme, uliendelea kukaza hata ndani ya maji yasiyokuwa na kalsiamu, tena ulitetemeka wenyewe bila kuguswa. Kwa nini nyama ya moyo idai chokaa kutoka nje, na nyama ya mguu isiidai? Ringer aliliandika alilolionea, akaliacha. Zama zake hazikuwa na chombo cha kulijibia.

Hapa naomba msomaji aniruhusu niondoke kidogo katika maisha yake, nieleze yaliyopatikana baadaye, kwa maana bila hayo hatuwezi kujua Ringer alikuwa amekaribia mlango gani.

Kila seli ya msuli na kila seli ya mshipa wa fahamu imezungukwa na utando mwembamba mno. Nje ya utando huo kalsiamu ni nyingi. Ndani ni kidogo sana, hata kipimo cha nje kinakipita cha ndani kiasi cha mara 10,000. Katika utando mna vijilango vilivyofanywa kwa protini, na baadhi ya vijilango hivyo hupitisha kalsiamu peke yake. Ufunguo wao ni umeme. Seli ikiwa imetulia, upande wa ndani una umeme hasi, yapata milivolti 70 hadi 90 kuliko nje, na vijilango vimefungwa. Wimbi la umeme likipita, tofauti hiyo hupungua, na vipande vya protini vyenye chaji husogea mahali pake. Mlango unafunguka kwa kitambo kidogo, na kalsiamu inamiminika ndani kama maji yapitayo katika ufa wa boma.

Katika moyo, kalsiamu hiyo inayoingia ni chache. Kazi yake ni kuamsha. Ndani ya seli mna ghala za kalsiamu, na zile chembe zilizoingia huzifungua ghala hizo, ndipo kalsiamu nyingi hutoka na kushikamana na protini iitwayo troponini, iliyovumbuliwa na Setsuro Ebashi na wenzake huko Tokyo katika miaka ya 1960. Troponini ikishikwa, nyuzi za msuli hupata ruhusa ya kutelezana, na moyo hukaza. Kisha kuna pampu ndogo ndogo zinazoirudisha kalsiamu ghalani na nje, na moyo hulegea. Haya yote hutokea katika kila pigo, mara 70 hivi kwa dakika, usiku na mchana, tukiwa darasani au tumelala. Nje kusipokuwa na kalsiamu, hakuna wa kuamsha ghala, na moyo husimama, kama Ringer alivyoona. Kalsiamu ikizidi bila kiasi, moyo hushindwa kulegea vizuri, na hilo pia aliliona.

Fumbo la msuli wa mguu nalo limefumbuliwa. Katika misuli ya mwili, kijilango cha kwenye utando kimegusana na mlango wa ghala, kama kamba iliyofungwa kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Umeme ukikitikisa cha kwanza, cha pili huvutwa kikafunguka, wala hapahitajiwi kalsiamu kuingia kutoka nje. Ndiyo sababu mguu wa chura uliendelea na kazi katika maji matupu. Kule kutetemeka kwake kunatokana na jambo jingine: kalsiamu ya nje ikipungua, utando wa mishipa ya fahamu na misuli huwa mwepesi mno kushtuka. Matabibu wanalijua jambo hili kwa wagonjwa ambao kalsiamu yao ya damu imeshuka. Vidole vyao hukakamaa na misuli hushikwa na mtukutiko, na wakitiwa kalsiamu mshipani hutulia.

Mishipa ya fahamu nayo huitaka kalsiamu mahali pamoja hasa, nao ni mwisho wake. Mwaka wa 1894 Mwingereza mwingine, Frank Locke, alionyesha kwamba bila kalsiamu ujumbe wa mshipa haufiki katika msuli, ijapokuwa mshipa wenyewe na msuli wenyewe ni wazima. Leo tunajua kwamba kwenye ncha ya mshipa mna vijipochi vilivyojaa kemikali, na katika misuli yetu kemikali hiyo ni asetilikolini. Umeme ukifika nchani hufungua vijilango vya kalsiamu, kalsiamu ikaingia, na vijipochi humwaga mzigo wao katika muda usiotimia hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mtu akiinua kalamu, vijilango hivi vimekwisha kufunguka na kufungwa mara nyingi kabla kalamu haijagusa karatasi.

Waliolithibitisha jambo hilo ni Bernard Katz na Ricardo Miledi katika miaka ya 1960, nao walifanya kazi hiyo katika University College, chuo kile kile cha Ringer. Kadhalika mwaka wa 1953 Paul Fatt na Katz huyo huyo, wakichunguza misuli ya kaa, walikuta umeme unapita hata pale sodiamu ilipoondolewa, jambo lisilolingana na fikira za wakati ule. Nao hawakuitupa karatasi. Miaka mitano baadaye Fatt na Ginsborg, kwa misuli ya kamba wa maji baridi, walionyesha kwamba mbebaji wa umeme huo ni kalsiamu inayoingia ndani ya seli. Hivyo ndivyo vijilango vya kalsiamu vilivyoanza kujulikana, miaka 70 na kitu baada ya maji ya mfereji wa Fielder. Katz alipewa tuzo ya Nobel mwaka wa 1970, akigawana na wengine wawili, kwa kazi yake juu ya ncha za mishipa ya fahamu.

Mtu anaweza kuuliza faida ya haya ni nini kwa asiyesoma sayansi. Nitataja mawili. Katika miaka ya 1960 Mjerumani Albrecht Fleckenstein, wa Freiburg, aligundua kwamba baadhi ya dawa hufanya kazi kwa kuviziba kidogo vijilango vya kalsiamu. Mishipa ya damu ina misuli katika kuta zake, na vijilango vikizibwa, misuli hiyo hulegea, njia hupanuka, na shinikizo la damu hushuka. Dawa za jamii hiyo ni nifedipine na amlodipine, na bila shaka wako babu na bibi wa wanafunzi wa shule hii wanaomeza kidonge kama hicho kila asubuhi. La pili ni ule mfuko wa hospitali. Mwaka wa 1932 daktari wa watoto wa Marekani, Alexis Hartmann, aliyachukua maji ya Ringer akaongeza ndani yake sodiamu laktati, ili kupunguza asidi katika damu ya watoto walioharisha na kukauka. Maji hayo ndiyo yaliyoenea ulimwenguni, na katika lita moja mna chumvi ya kawaida kama gramu 6, potasiamu kloraidi yapata gramu 0.3 na kalsiamu kloraidi kama gramu 0.2. Hiyo gramu 0.2 ndiyo urithi wa New River.

Turudi kwa mwenyewe. Mwaka wa 1885 Ringer alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, heshima kubwa kwa mwanasayansi wa Uingereza. Aliendelea kutoa makala mpaka katikati ya miaka ya 1890, nyingine akiandika pamoja na vijana aliowafundisha. Hata hivyo hakuunda kundi la wafuasi, wala hakusafiri huku na huko kuyatangaza mambo yake. Matabibu wenzake wengi walimheshimu kwa kitabu chake cha dawa na kwa jicho lake kali la kuutambua ugonjwa. Ile habari ya vyura waliiona kuwa ni mchezo wa daktari mwenye nafasi. Na yeye mwenyewe aliendelea kuwa tabibu wa wodi mpaka mwisho, akifundisha kando ya kitanda, jambo ambalo wanafunzi wake walimsifia kuliko lo lote.

Nyumbani kwake hakukosa huzuni. Alioa mwaka wa 1867, mke wake Ann akiwa mtu wa Yorkshire, kaskazini ya Uingereza, na katika kijiji cha Lastingham katika jimbo hilo ndiko walikokuwa wakipumzika. Binti yao mmoja alifariki angali mtoto. Kijijini hapo pana kanisa la kale sana, lenye chumba cha chini ya ardhi kilichojengwa katika karne ya 11, na kwa kumkumbuka binti yao wazazi hao waligharamia kulitengeneza upya. Kazi hiyo ilifanywa mwaka wa 1879 chini ya mjenzi mashuhuri John Pearson. Kwa hiyo miaka ile Ringer alipokuwa ameinamia mioyo ya vyura, saa kwa saa, London, alikuwa mtu aliyekwisha kumzika mtoto wake, na daktari aliyeshindwa kumponya. Sitaki kusema kwamba jambo moja lilileta jingine, kwa kuwa yeye hakusema. Lakini nimeona si haki kuyasimulia majaribio yake kana kwamba yalifanywa na mtu asiyekuwa na nyumba.

Mke wake alitangulia kufariki. Mwaka wa 1900 Ringer aliacha kazi yake ya hospitali na kuhamia Lastingham moja kwa moja. Mwaka wa 1909, angali hai, wanasayansi wawili wa Marekani, MacCallum na Voegtlin, walionyesha kwamba mtukutiko wa mnyama aliyetolewa tezi ndogo za shingoni hutulizwa kwa kumpa chumvi ya kalsiamu. Tarehe 14 Oktoba 1910 alipatwa na kiharusi akafariki huko huko Lastingham, na wanakijiji wakamzika kwao.